Goti la Korongo

Kila alasiri akitoka shuleni, Mwongeli alisimama kwenye kibanda cha fundi Ndeti, mchoraji wa mabango pale kituo cha matatu cha Kawangware 56. Alimtazama akivuta wino mstari mmoja, bila kusita, na karatasi nyeupe ikatoa jicho, kisha mdomo, kisha fisi mzima aliyevaa kofia. Mwongeli hakupepesa macho. Alivyoelewa yeye, fundi wa kweli hashiki penseli.

Wiki hiyo Ndeti alitakiwa kuchagua mwanafunzi mmoja wa kuchora naye ukuta wa maktaba ya shule. Walimu walitaka mnyama asimamaye kama mtu, mlinzi wa vitabu. Mwongeli aliutamani ukuta huo kuliko kitu chochote. Akachora korongo mwenye koti na miwani, moja kwa moja kwa wino.

"Wee, Mwongeli," akasema Alvin, mwenzake darasani, "huyo ndege wako anaomba ama ameteleza?"

Darasa likaangua kicheko. Mwongeli akaitazama ile miguu. Ilikuwa imepinda vibaya, na wino haufutiki. Michoro ingekusanywa kesho yake.

Akakimbilia kibandani. "Fundi, mimi siwezi. Wewe unachora bila penseli."

"Nani amekudanganya?" Ndeti akavuta boksi chini ya meza. Lilijaa karatasi za penseli, zote za fisi yule yule: mkono mrefu mno, kichwa kilicholala, mgongo uliorudiwa mara tisa. "Ukinikuta na wino, penseli nimeshamaliza. Wino ukikauka, naifuta."

Mwongeli akazifunua moja moja. Alidhani ni kipaji tu; kumbe ni kazi, na wingi wa kazi hiyo ulimshangaza kuliko ule mstari mmoja.

"Haya, goti la korongo liko wapi?"

Akaonyesha katikati ya mguu.

"Hapo ni kifundo cha mguu. Goti liko juu, limefichwa na manyoya. Anzia hapo."

Jioni hiyo Mwongeli alichora nyuma ya kalenda kuukuu, akafuta, akachora tena. Mara ya kumi na moja korongo alisimama wima, koti likaning'inia sawasawa. Ndipo akashika wino.

Kesho yake Ndeti aliuinua mchoro huo mbele ya darasa. Hata Alvin alisogea mbele autazame.

"Jumamosi uje na nguo za kuchafua," alimwambia Mwongeli, kisha akawageukia wengine. "Nyote mmekosea, hata mimi hukosea kila siku. Mwenzenu alikubali kurudia hadi akapata. Kazi ngumu ndiyo hiyo, na hakuna anayezaliwa nayo."