Kigae cha Tatu Kutoka Mlangoni

Kigae cha tatu kutoka mlangoni kilikuwa na maji, na hakuna mtu aliyeoga tangu juzi.

Mwinyihaji alikiinamia akakitazama kwa muda, kama alivyozoea kuitazama sahihi yenye shaka. Alikuwa mtu wa sheria. Aliisoma Mombasa, akatumika miaka tisa akiwa karani wa kadhi, kisha akahamia Voi kuwaandikia wenye maduka hati na mikataba. Kazi ilimfunza kutokubali neno bila shahidi, wala shahidi bila maswali. Mwaka ule wa 1923 alikuwa ameoa, na kwa ajili ya bibi arusi akajenga chumba cha kuogea cha vigae vyeupe vilivyoletwa kwa gari la moshi, na juu yake debe lililotobolewa matundu ili maji yanyeshe kama mvua. Hapakuwa na cha pili mjini. Sasa kilitoka jasho, na jasho lile lilikuwa na harufu ya kinywa cha mtu aliyefunga, alasiri, kabla ya kufuturu.

"Hiyo si harufu ya maji," mkewe Mwanarusi alinong'ona nyuma yake, mkono umelalia tumbo la miezi mitano. "Na jana nimesikia pakigongwa, bwana. Huko chini. Mara tatu, polepole."

"Ulisikia, au ulidhani umesikia?"

"Nilisikia."

"Basi usimwambie mama."

Lakini mama yake Mwinyihaji, Bi Mwanabibi, alikuwa na masikio ya kuta zote. "Miaka sita tumekaa hapa," alisema, akijifunika leso mabegani, "hatujaona sakafu ikatoka jasho. Kaja yeye, kaja na jini mwenziwe. Alhamisi atapanda gari la moshi, akazalie kwao."

"Mama, yeye na vigae wamekuja mwaka ule ule mmoja. Utajuaje mwenye kosa ni yupi?"

"Wewe ndiwe uliyesoma. Jua wewe."

"Na nikithibitisha kwamba hana hatia?"

"Uje uniambie. Usiniletee karatasi, karatasi zako mimi sizijui. Nataka kinywa chako."

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Fundi Miraj, aliyeviweka vigae vile, aliitwa. Alikuja na mwiko wake na maneno yake mengi. Kwanza alizishuku zile nafasi baina ya vigae. Akazikwangua, akazijaza upya. Pili Mwinyihaji akamwaga kikombe cha maji mlangoni na kuyafuata kwa macho mpaka yakateremkia kwenye tundu la maji machafu: mteremko haukuwa na kosa. Tatu akakoroga nili ya kufulia na kuimwaga tunduni, akazunguka nyuma ya nyumba, akaiona ikitoka ya buluu vilevile kwenye mfereji. Bomba halikuvuja.

"Basi Bwana Karani, mimi mikono yangu safi," Miraj alisema.

"Mikono yako ina nili," alijibu Mwinyihaji. "Twendelee."

Likabaki swali moja: maji yanapanda kutoka ardhini, au yanashuka kutoka hewani? Alichukua kipande cha kioo, akakibandika juu ya kigae cha tatu, kingo zote akazipaka nta. Unyevu ukionekana chini ya kioo, ardhi ina hatia. Ukionekana juu, hewa ina hatia. Akalishusha debe, akafunga dirisha na mlango, akapitisha uzi kwenye komeo na kuupiga lakiri kwa muhuri wake mwenyewe.

Jumatano asubuhi muhuri ulikuwa mzima. Akaukata uzi, akaingia, akapiga magoti. Chini ya kioo palikuwa pakavu. Juu ya kioo palikuwa na ukungu, mviringo mdogo wa ukungu, kama vile mtu aliyelala kifudifudi amekihemea. Na alipokuwa akiutazama, akijiambia kwamba chumba kilichofungwa siku mbili huweka joto, na joto huweka unyevu, na kwamba hilo lina maelezo yake, ule mviringo ukafifia mpaka ukatoweka, kisha ukarudi, ukafifia, ukarudi, kwa mwendo mmoja usiobadilika, polepole kuliko pumzi zake yeye, naye akajikuta, bila kutaka, amekwisha kuanza kuhema kwa mwendo ule ule.

Alitoka akafunga mlango.

Alasiri ile alimtafuta Mwandawiro, Mdawida wa kule milima ya Taita aliyesawazisha kiwanja kabla ya ujenzi. Alimkuta na Miraj, wanapasua mawe.

"Hapo chini ya vigae palikuwa na nini?"

Mwandawiro alimtazama Miraj kwanza. "Kichuguu, bwana. Kikubwa, kimepita mtu. Huyu fundi alisema tukate, tujenge juu yake, udongo wake ni mgumu. Mimi nikasema, sawa, lakini ile tundu yake tusizibe. Kichuguu iko na pumzi. Kwetu ukijenga, unajenga kando."

"Nilimwambia sisi hatukai nyumba moja na mchwa," Miraj alisema, lakini hakucheka.

"Ukaliziba kwa kitu gani? Kwa chokaa?"

"Chokaa hupitisha hewa, Bwana Karani. Nililiziba kwa saruji. Nusu pipa."

Mwinyihaji akaona nuru. Kichuguu hutoa hewa yenye unyevu. Kila mchunga ng'ombe anajua hivyo. Hewa imezibiwa njia, imetafuta ufa pengine, imepenya chumbani. Hapakuwa na jini, palikuwa na mchwa na fundi mwenye kiburi. Lile la mwendo wa pumzi aliliweka kando, kama shahidi ambaye hajaitwa.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, sanduku la Mwanarusi lilikuwa tayari uani, naye ameketi juu yake. Gari lingepita alasiri. Ndani, Miraj aling'oa kigae cha tatu, Mwandawiro akapiga tindo. Saruji ilipokatika, tundu likafunguka, jeusi, upana wake kama mdomo wa kikombe. Ikatoka pumzi vuguvugu yenye harufu ile ya saumu, ikatoka kwa muda mrefu mno, na kuta zikakauka mbele ya macho yao.

"Nendeni mkamwite mama," Mwinyihaji alisema kwa furaha. "Aje aone."

Alipobaki peke yake aliinama kuchungulia. Pumzi ikakoma. Kisha ikageuka, ikamwingia puani na kinywani kabla hajaweza kujirudisha nyuma.

Alikaa kitako. Alikuwa mzima. Akakiokota kile kioo, kikavu kabisa, akakiinua mbele ya uso wake ili afute alama za vidole kabla ya kukionyesha, na kioo kikapata ukungu. Pumzi yangu, alijiambia. Mtu wa ushahidi hawezi kuishia hapo. Akaizuia pumzi, kifua kikatulia tuli, akahesabu mpaka thelathini, na ukungu ukaendelea kuja na kwenda, kuja na kwenda, polepole, kutoka baina ya midomo yake mwenyewe. Akaifumba midomo. Ukungu ukakoma. Na nyuma ya meno yake, kwa ndani, pakagongwa mara tatu.

"Haya, Haji," mama yake aliita kutoka nje ya mlango. "Nimekuja. Sema."

Hakuweza kusema. Akinyamaza, Mwanarusi na mwana wataondoka na jina baya lisilofutika. Akifumbua kinywa, kitu hiki kitatoka kuelekea mlangoni, na mlangoni, nyuma ya mama, alisimama Mwanarusi na tumbo lake. Alilisikia gari likipiga filimbi mbali, upande wa Tsavo.

"Bwana," Mwanarusi alisema taratibu. "Neno moja tu."

Mwinyihaji akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga. Akalala kifudifudi juu ya vigae, akakibandika kinywa chake kwenye tundu, kwa nguvu, kingo zote, kama alivyokibandika kioo kwa nta. Ndipo akafumbua kinywa.

"Mwanarusi hana hatia!"

Kule nje walisikia sauti mbili. Moja ilikuwa yake. Ya pili ilitoka chini ya ua, chini ya sanduku, chini ya nyayo zao, ikayarudia maneno yale yale kwa utulivu wa mtu anayeapishwa.

Bi Mwanabibi alishika ukuta. "Lirudisheni sanduku ndani," alisema. "Nimesikia. Mwanangu, Mwanarusi, nisamehe."

Mwanarusi alicheka na kulia pamoja. Gari likaja, likasimama, likaenda zake. Akaukaribia mlango, akaugonga kwa kidole. "Toka basi, bwana. Imekwisha."

Mwinyihaji alimsikia vizuri. Kilikuwa kimetoka chote, alihisi kimetoka. Aliutia mkono chini ya kifua chake ili ainuke, na ardhi, iliyokwisha kutoa pumzi, ikaanza kuivuta. Midomo yake ikanata ukingoni. Akagonga kigae kwa mkono uliobaki huru, mara tatu, polepole, maana hakuwa na sauti nyingine.

Nje, Mwanarusi akasita. Akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mkono juu ya tumbo.

"Mama," alinong'ona. "Kinagonga tena. Msimfungulie mtu."