Hamida na Viwanja Ishirini vya Korongoni

Je, wewe unayesoma hapa, umewahi kusikia mtu ameajiriwa kuhesabu majani? Si kuyafyeka, wala kuyakata ya ng'ombe. Kuyahesabu tu, moja moja, na kuyaandika. Kama hujasikia, usicheke kwanza. Nurdini alicheka mpaka akashika mbavu, na aliyeajiriwa alikuwa binti yake mwenyewe.

Nurdini ni mkulima wa milimani, upande wa Kondoa. Analima uwele, mahindi na mbaazi. Mkewe ni Sikudhani. Binti yao Hamida ana miaka ishirini, na alimaliza kidato cha nne mwaka juzi. Chini ya nyumba yao ardhi inashuka mpaka kwenye korongo. Korongo lenyewe si dogo. Watu wawili wakipandana mabegani, wa juu haonekani. Kila msimu wa mvua linakula kipande cha shamba la mbaazi la Nurdini.

Mwezi wa kumi na mbili mtafiti mmoja alifika kijijini. Jina lake Editha, mwenyeji wa Mvumi. Alivaa buti nzito na kofia ya ukili, na mgongoni alibeba mkoba wenye mifuko mingi kuliko shati la fundi. Alikuwa anatafuta kijana wa kijijini anayejua kusoma na kuandika na anayeyajua majani kwa majina. Mwenyekiti wa kijiji akamtaja Hamida.

"Kazi yenyewe ni hii, mdogo wangu," Editha alimwambia. "Tumepima viwanja ishirini kando ya korongo. Kila kimoja ni mita moja kwa mita moja. Kila Jumatatu na Alhamisi utavipitia vyote. Utahesabu miche iliyoota. Halafu utapima hii nondo fupi iliyochomekwa katikati. Ikizidi kuchomoza, ujue udongo umeondoka. Uandike kwa penseli, maana wino ukinyeshewa unakimbia."

"Kwa muda gani, dada?"

"Miezi mitatu ya majaribio. Ukifanya vizuri, tunaendelea mwaka mzima."

Hamida akasema, "Sawa." Hamida alikuwa mtu wa kusema sawa. Ukimpa chai isiyo na sukari, sawa. Ukimwambia alale jikoni wageni wamejaa, sawa.

Jioni Nurdini aliposikia, ndipo alipocheka.

"Kuhesabu majani! Hata mbuzi wangu wanahesabu majani, tena wakimaliza wanameza hesabu!"

"Mwache mtoto," alisema Sikudhani. "Ndiyo kazi aliyopata."

"Simkatazi. Miezi mitatu ikiisha, anakwenda Ihumwa kwa dada yangu. Shangazi yake ameshamwekea cherehani. Au vipi, Hamida?"

"Sawa, baba," alisema Hamida. Lakini alikuwa ameinamia sufuria, na hakuna aliyeuona uso wake.

Nyumbani kwa Sikudhani kulikuwa na desturi moja. Neno "hakuna" halikutamkwa. Sikudhani alilelewa hivyo na mama yake, naye akalea hivyo. Chumvi ikiisha alisema, "Hamida, kimbia dukani kwa Abubakari, chumvi inataka wenzake." Unga ukiisha, "Debe linapumzika." Mgeni akikuta chungu kitupu, aliambiwa, "Karibu, chakula kinakuja," na mtu akatumwa kwa jirani kwa mlango wa nyuma. Kusema hakuna, kwa Sikudhani, kulikuwa kukosa adabu mbele ya watu na mbele ya riziki.

Hamida aliianza kazi kwa bidii. Asubuhi na mapema alishuka na fremu ya mbao, rula, penseli na daftari. Aliweka fremu juu ya kiwanja, akapiga magoti, akahesabu. Alijua miche ya mkunde pori na ya mgunga hata ikiwa na majani mawili tu. Aliona nyayo za sungura, mashimo ya mchwa, na ndege mdogo wa kijivu aliyemfuata akidonoa wadudu aliowafukua. Siku za kazi alirudi na magoti mekundu kwa udongo, anaimba. Siku nyingine aliuona mchana mrefu.

Lakini baadhi ya viwanja havikuwa na kitu. Udongo mtupu, mwekundu, umelambwa na maji. Hamida alipofika hapo mkono ulisita. Aandike nini? Kuandika hakuna? Aliona aibu, kana kwamba anawasengenya wenyeji wa nyumba. Basi akapaacha wazi, akaenda kiwanja kinachofuata.

Mwisho wa mwezi wa kwanza Editha alirudi. Alipokewa vizuri, akakaribishwa mkekani, akaletewa ugali wa uwele na mlenda. Alipokwisha kula na kunawa, alifungua daftari. Alifungua ukurasa wa kwanza akatabasamu. Wa pili akakunja uso. Wa tatu akavua miwani.

"Hamida, kiwanja cha nne tarehe ishirini na moja, hukwenda?"

"Nilikwenda, dada."

"Cha tisa?"

"Nilikwenda."

"Cha kumi na mbili je? Na cha kumi na tano? Mbona pamebaki patupu?"

Hamida alitazama chini. "Hapakuwa na mche."

"Sasa kwa nini hukuandika sifuri?"

Nurdini alikohoa. Sikudhani alikuwa anakusanya vyombo, akasimama navyo mkononi.

"Mdogo wangu, nakuamini," alisema Editha polepole. "Lakini atakayesoma karatasi hii hakujui. Akiona nafasi tupu, hajui kama ulikwenda hukukuta kitu, au mvua ilikuzuia, au ulilala. Nafasi hizi zimefika arubaini. Daftari la mwezi wa pili likiwa na matundu hivi, itanibidi nitafute mtu mwingine."

Hamida alinyosha mkono. "Nipe penseli, dada. Nijaze sifuri sasa hivi. Vyote navikumbuka."

Editha akaifunika penseli kwa kiganja.

"Hapana. Hapo utakosea mara ya pili, na kosa hilo ni kubwa kuliko la kwanza. Katika kazi hii tunaandika tunachokiona, palepale tunapokiona. Kumbukumbu ya mwezi mzima inachanganya siku. Leo tutaandika pembeni kwamba nafasi hizi hazikujazwa, basi. Si fahari, lakini ni ukweli."

Sikudhani akaweka vyombo chini, akakaa.

"Mwanangu Editha, ngoja kwanza. Kumbe huyu ameharibu kazi kwa adabu yangu?" Akaeleza habari ya chumvi na ya debe linalopumzika. "Mgeni haambiwi hakuna. Ndivyo tulivyofunzwa."

Editha akacheka, na uso wake ukalegea.

"Mama, ukiniandalia mkekani, usiniambie hakuna. Hata mimi kwetu Mvumi nitaona vibaya. Ila daftarini niambie. Kiwanja kitupu nacho kina habari. Mganga akipima damu asikute malaria, si anaandika hakukuta? Au akuachie karatasi nyeupe urudi nayo nyumbani?"

"Karatasi nyeupe!" Nurdini alidakia. "Ningemrudia na fimbo!"

Watu wakacheka. Hamida naye akacheka huku anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Alasiri ile Editha alishuka naye korongoni. Walipita kiwanja hadi kiwanja. Kwenye cha nne Hamida alipiga magoti, akatazama kona zote nne, akaandika 0. Mkono ulikuwa mzito kama anabeba ndoo.

"Haya, umekufa?" aliuliza Editha.

"Sijafa."

"Twende cha tano. Na siku ukishindwa kufika, andika hukufika na sababu yake. Ukikosea tarakimu, usifute. Ikate kwa mstari mmoja, uandike sahihi kando, ili anayesoma aone zote mbili."

Njiani Hamida aliuliza lililokuwa likimkereketa. "Dada, wewe kazi hii uliipataje?"

"Niliisomea. Nilianza na cheti, baadaye stashahada, nikarudi tena chuoni kwa shahada. Wengine huanzia kidato cha nne kama wewe, kama wamefaulu masomo ya sayansi. Kila chuo kina masharti yake. Unauliza mapema, hungoji kusimuliwa."

"Na wote mnahesabu majani?"

"Thubutu! Nina rafiki anapima maji ya mito, yanaongezeka au yanapungua. Mwingine anaamka alfajiri kusikiliza ndege, anawajua kwa sauti. Kuna wanaofunga kamera kwenye miti, mnyama akipita anapigwa picha. Kuna wanaopima udongo maabara, na wanaokaa kwenye kompyuta wakisoma picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani. Lakini hao wa kompyuta nao wanamtegemea mtu wa buti. Lazima mtu afike chini, aangalie kwa macho."

"Na wanawake?"

"Mimi nani?" alisema Editha, akaruka mfereji. Akateleza, akakaa kwenye tope. Wakacheka wote wawili mpaka yule ndege wa kijivu akaruka.

Tangu siku hiyo Hamida hakuacha nafasi tupu. Palipokuwa na miche saba aliandika saba. Palipokuwa patupu aliandika sifuri, nene, iliyofungwa vizuri. Alhamisi moja mvua kubwa ilimzuia. Akaandika: "Sikufika. Maji yamejaa korongoni." Nurdini alimchungulia begani.

"Hata kutofika unaandika?"

"Hata kutofika, baba."

"Mh. Kazi ya watu wakweli hiyo," alisema Nurdini, akaenda zake. Siku hiyo hakuwataja mbuzi.

Mwezi wa pili wa kazi ulipoisha, Editha alifika tena. Alipekua daftari lote bila kuvua miwani. Kisha akatoa karatasi, akachora viwanja ishirini kama vilivyokaa mteremkoni. Vyenye miche alichora duara. Vyenye sifuri kila siku Hamida aliyofika mwezi ule alivipaka penseli vikawa vyeusi. Vilikuwa saba. Akaigeuza karatasi iwaelekee wenyeji.

Sikudhani aliinama. Akaweka kidole juu, akakishusha kutoka cheusi cha kwanza hadi cha mwisho. Vyote vilijipanga kama vifungo vya shati.

"Jamani! Hii si njia yetu ya mkato ya kwenda mashineni?"

Ndiyo ilikuwa yenyewe. Zamani watu walikwenda kusaga unga kwa njia ya kuzunguka mlima. Miaka michache iliyopita walichoka, wakakata njia iliyoteremka moja kwa moja. Miguu ikaikanyaga ikawa mfereji. Mvua ikinyesha, maji yaliifuata mbio, yakafurika pembeni, yakazoa mbegu na udongo wa viwanja vilivyo kando yake, yakatumbukia korongoni pale pale penye shamba la mbaazi.

"Kwa hiyo linalokula shamba langu ni miguu yetu wenyewe," alisema Nurdini. "Nami nimepita hapo jana na gunia."

"Nondo zinasema hivyo hivyo, baba," alisema Hamida. "Kwenye hivi viwanja saba, udongo umeshuka vidole viwili. Kwingine haujafika hata nusu ya kidole."

Nurdini alimtazama binti yake kama anayemwona mara ya kwanza.

Alichukua karatasi ile, akaenda nayo kwa mwenyekiti. Mkutano ukaitwa. Wengine walinung'unika kwamba njia ya zamani ni ndefu. Msafiri, jirani yao, alisema magoti yake hayataki habari za utafiti. Hamida aliitwa asome tarakimu mbele ya watu. Alizisoma zote, pamoja na sifuri, bila kuinamisha uso. Alipomaliza, Msafiri alisema, "Basi nitaazima punda," na ikawa imekubaliwa.

Njia ya mkato ilifungwa kwa miiba. Watu walipanga mawe kukinga maji, safu kwa safu, kwa kufuata usawa wa mlima. Katikati ya safu walipanda majani ya tembo. Mvua za mwezi wa tatu zilipokuja, maji yalifika kwenye mawe, yakatulia, yakanywewa na ardhi. Ukingo wa korongo penye mbaazi haukumeguka tena msimu ule.

Na Alhamisi ya mwisho ya majaribio, kwenye kiwanja cha tisa, Hamida alipiga magoti akakuta miche miwili. Aliihesabu mara tatu kabla ya kuandika.

Editha alikuwa amesimama nyuma yake. Nurdini naye alikuwapo, na jembe begani.

"Mzee Nurdini," alisema Editha, "kazi ya mwaka mzima ipo. Na chuo nacho kipo. Vyeti vyake nimeviona, vinatosha kuomba nafasi. Naweza kumwandikia barua ya kumtambulisha. Ila siandiki mpaka nijue mwenyewe anataka nini."

"Si anakwenda Ihumwa kwa shangazi yake," alisema Nurdini, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Akashusha jembe. "Au vipi, Hamida?"

Hamida alisimama. Alijipangusa udongo magotini, goti moja, kisha jingine. Neno "sawa" lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Sema, mwanangu," alisema Nurdini. "Nakusikiliza."

"Baba, shangazi namshukuru sana, lakini kushona sitaki. Nilitaka hii kazi tangu siku ya kwanza niliyoshuka huku. Nataka kwenda chuo nikaisomee."