Bomba Lililopasha Mbingu

Mtaani kwetu Quetta, Pakistan, chini ya mlima, bili haisomwi na mwenye nyumba peke yake. Inasomwa na ukoo mzima. Mgeni akishapewa chai huulizwa habari za wazee, kisha huulizwa habari za bili. Anayelipa kidogo husifiwa. Anayelipa sana huinamisha kichwa.

Jioni moja ya Januari, Ewaz alirudi nyumbani akiwa amenuna. Alikuwa muuza makoti ya mitumba, na siku hiyo alipitia kwa mdogo wake Safdar. Hakuvua hata kofia.

"Mama Hanifa," alimwita mkewe Nikbakht, "unajua bili ya gesi ya kina Safdar ni kiasi gani?"

Nikbakht alikuwa akimega mkate wa jana na kuutia kwenye mchuzi. "Nitajuaje? Mita yao siisomi mimi."

"Nusu ya yetu. Nusu! Na mkewe Marzia anavyochekelea, utadhani kashinda uchaguzi."

"Marzia hana mgonjwa ndani," Nikbakht alijibu kwa sauti ya chini.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi karibu na hita ya gesi, blanketi mabegani. Baba Nauroz, baba yake Ewaz, alichimba makaa ya mawe tangu ujana. Alipoacha mgodi, vumbi la mgodi halikumwacha. Lilibaki kifuani. Daktari alisema wazi: baridi ikimpata mzee huyu vizuri, hatafika majira ya maua. Kwa hiyo hita iliwaka kutwa, na bili ikapanda.

"Nimesikia," alisema Baba Nauroz. "Mimi ndiye bili."

"Baba, usiseme hivyo," Ewaz alisema. Lakini hakumtazama.

Mzee aligeukia tundu la ndege lililoning'inia ukutani. Ndani yake alikuwamo kwale, mwenye mdomo mwekundu. Tangu mkewe afariki, kwale huyo ndiye aliyekuwa akiongea naye kila alfajiri.

"Angalau wewe huna mita," alimwambia ndege.

Hanifa, mjukuu wake wa miaka sita, alicheka. Wengine hawakucheka.

Usiku ule Nikbakht alilala na neno moja moyoni. Nusu. Asubuhi alikwenda kwa Marzia, akameza aibu yake, akauliza.

"Dada, mnafanyaje?"

"Tunaziba," alisema Marzia huku akimmiminia chai ya kijani. "Nyumba yako inavuja kama kapu. Joto lote linatoka nje. Na lile bomba la hita yenu, lililotoboa ukuta? Ukiligusa ni la moto, sivyo?"

"La moto sana."

"Basi! Mnalipa gesi kuipasha mbingu. Mungu hasikii baridi, mwenzangu."

Nikbakht alirudi akiyarudia maneno hayo. Yalikuwa na maana. Ewaz aliposikia, alipiga paja lake. "Kumbe! Miaka yote tunapasha mbingu!"

Siku hiyo hiyo walianza kazi. Nikbakht alikoroga unga na maji, akabandika magazeti kwenye nyufa za dirisha. Alisokota matambara akayashindilia chini ya mlango. Ewaz alilishusha bomba la hita na kulitupa uani. Karibu na dari palikuwa na tundu la mraba la kupitisha hewa, ambalo Baba Nauroz mwenyewe aliliacha alipojenga nyumba. Ewaz alipanda kiti, akalijaza mto wa zamani.

Chumba kikapata joto. Hita iliwaka kwa moto mdogo tu, na bado walivua sweta. Ewaz alimsifu mkewe mbele ya majirani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Nikbakht alijiona mtu.

Lakini siku zilivyopita, nyumba ilipoa kwa namna nyingine. Kicheko kilipotea. Baba Nauroz aliamka na kichwa kizito, akakaa na kichwa kizito. Hanifa hakutaka kucheza. Alitapika chakula, akalala mchana, akiamshwa analia. Nikbakht naye aliona kizunguzungu kila alipoinama kufagia. Jambo la ajabu ni kwamba Ewaz hakuumwa. Yeye alikuwa sokoni kutwa.

"Ni kijicho," alisema Nikbakht. "Ulinisifu mno mbele za watu."

Alitia mbegu za espandi, dawa ya kijicho, kwenye kaango la moto. Zikapasuka, zikatoa moshi mzito. Alizungusha moshi huo juu ya kichwa cha mtoto na cha mzee, akiomba macho mabaya yapofuke. Mlango ulikuwa umefungwa. Moshi haukuwa na pa kutokea.

Asubuhi iliyofuata kwale hakulia. Baba Nauroz alingoja. Akapiga mluzi, kama kawaida yao. Kimya. Aliinuka kwa kujishikilia ukutani. Ndege alikuwa amelala sakafuni mwa tundu lake, miguu juu, mdomo wazi.

Mzee alimtoa, akamweka mapajani, akawa anamlaza manyoya kwa kidole.

"Alikuwa mzee, Baba," Nikbakht alimfariji.

"Hakuwa mzee," alisema Baba Nauroz. "Alikuwa mdogo kuliko Hanifa." Alitaka kusema jambo jingine, akasahau. Siku hizo alikuwa akisahau sana. Ewaz alikwenda sokoni.

Saa za adhuhuri Bi Tahira alibisha hodi. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuja kumpima mzee presha. Alilazimika kuusukuma mlango kwa bega kwa sababu ya matambara. Alipoingia, akasimama.

Kioo cha dirisha kilikuwa kinatiririka maji. Moto wa hita ulikuwa wa njano, wala si wa buluu. Mzee alikuwa ameinama na ndege aliyekufa mapajani. Hanifa alikuwa amelala mkekani, mashavu mekundu.

"Mtoto kalala tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Ana mafua, nadhani."

"Mwamshe."

Nikbakht alimtikisa. Hanifa hakufumbua macho.

"Hanifa! Hanifa, mama!"

Bi Tahira hakungoja. Alizima hita na kufunga koki ya gesi. Aliuacha mlango wazi kabisa, akalipiga dirisha kwa kiganja hadi magazeti yakachanika na likafunguka. Baridi ikaingia kama kisu. "Mtoe nje! Mtoe sasa hivi! Mimi namshika mzee!"

"Nje? Baridi itamuua! Daktari kasema —"

"Humu ndani ndimo mnamofia, Nikbakht! Toka!"

Uani, juu ya theluji, Hanifa alikohoa. Kisha akatapika. Kisha akalia, na mama yake hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile. Majirani wakaleta gari. Hospitali iliwawekea oksijeni mtoto na babu, kitanda kimoja karibu na kingine.

Ewaz aliwakuta hivyo alipofika mbio kutoka sokoni. Alisimama mlangoni, koti la mteja bado mkononi.

"Nini? Chakula kibaya?"

"Hewa," alisema Bi Tahira. "Kaa, nikueleze. Moto unakula hewa kama sisi tunavyokula. Mkiufungia chumbani, hewa nzuri inakwisha. Moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa sumu. Sumu hiyo haina harufu, haina rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi. Watu hudhani ni mafua. Wanalala, na hawaamki."

"Lakini gesi ikivuja tunaisikia! Inanuka!"

"Hiyo ni gesi ambayo haijaungua, nayo ina hatari yake. Hii ninayosema inatoka kwenye moto wenyewe. Hutaisikia hata ukiwa na pua ya mbwa. Lile bomba, Ewaz, halikuwa linapasha mbingu. Lilikuwa linatoa sumu nje."

Ewaz alikaa sakafuni.

Baba Nauroz alisogeza kidogo kifuniko cha oksijeni usoni mwake. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Mgodini tuliijua," alisema. "Tuliiita hewa mbaya. Mtu akisema kichwa kinaniuma, tulitupa sururu tukatoka wote. Hatukuulizana mara mbili. Miaka yote ile nilimkimbia adui huyo chini ya ardhi. Amekuja kukaa nami chumbani kwangu, nikamkaribisha."

"Baba, ni mimi niliyeshusha bomba," alisema Ewaz.

"Na mimi nilikuwa nakutazama." Mzee alifumba macho. "Kwale alinikumbusha. Nikawa nimechelewa kuelewa."

Waliruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake. Safdar na Marzia walikuja na mchuzi wa kondoo. Marzia alikuwa amelia hadi uso umevimba.

"Ni mdomo wangu huu," alisema. "Mimi nilitania, dada. Sikujua mtashusha bomba."

"Lakini kwenu mmeziba, na mko salama," alisema Nikbakht kwa uchungu. "Na bili yenu ni nusu. Niambie basi, sisi tuna kosa gani?"

Marzia na mumewe walitazamana.

"Sisi hatuwashi hita ya gesi," alisema Safdar taratibu. "Gesi tunapikia tu. Tunakaa kwenye sandali."

Sandali ni meza fupi yenye blanketi kubwa juu. Familia huizunguka, miguu ikiwa chini ya blanketi. Zamani chini yake liliwekwa jiko la makaa. Kwa kina Safdar, palikuwa na kihita kidogo cha umeme.

"Cha umeme!" alisema Ewaz. "Na bili ya umeme je?"

"Hukuuliza ya umeme, kaka. Uliuliza ya gesi."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nani hutangaza bili kubwa?" Safdar alijaribu kucheka, akashindwa.

Bi Tahira, aliyekuja kuwatazama wagonjwa wake, aliomba bili zote nne ziwekwe mkekani. Safdar akaenda kuzileta zake, wakaziweka. Gesi ya Safdar ilikuwa nusu, kweli. Lakini umeme wake ulikuwa karibu maradufu ya umeme wa Ewaz. Walipojumlisha, tofauti iliyobaki ilikuwa ya bei ya kuku mwembamba, tena mwembamba sana.

"Na kwenu mko wangapi?" Bi Tahira aliuliza.

"Wawili. Tunashinda kazini," alisema Marzia.

"Hawa ni wanne, na mzee anashinda ndani. Mlikuwa mnashindanisha punda na trekta. Mkitaka kulinganisha, chukueni gesi na umeme pamoja. Tazameni mko watu wangapi, vyumba vingapi mnapasha, saa ngapi. Vinginevyo ni majivuno tu."

Nikbakht alikuwa akizitazama karatasi zile. Kwa ajili ya karatasi moja isiyo kamili, nusura amzike mtoto. Alitaka kupiga kelele. Badala yake aliuliza, "Sasa tupunguze wapi? Maana bili bado ni kubwa, na Baba bado anahitaji joto."

"Hilo ndilo swali," alisema Bi Tahira. "Bei ya gesi ni ngazi. Uniti za kwanza ni nafuu. Kila ukipanda, kila uniti inakuwa ghali zaidi. Nyinyi mnapasha vyumba vitatu kwa hita moja, milango ya ndani wazi. Nani yumo katika hivyo viwili mchana?"

"Hamna mtu."

"Na hita ya maji ya kuogea, inazimwa lini?"

Ewaz alikuna kichwa. "Haizimwi. Kile kimoto chake kidogo tunakiacha kiwake, tusihangaike na kiberiti."

"Basi mnanunua kiberiti cha dhahabu."

Siku hiyo Ewaz aliliokota bomba uani, akalikung'uta theluji, akalirudisha kwa mikono yake. Alimwita fundi wa gesi alikague na kuisafisha hita hadi moto ukawa wa buluu. Mto ulitolewa kwenye tundu la hewa. Nikbakht aliziziba tena nyufa za dirisha, lakini tundu la juu halikuguswa tena. Familia yote ilihamia chumba kimoja, pazia zito likawekwa mlangoni. Hita ya maji iliwashwa asubuhi tu. Kabla ya kulala walizima hita na kufunga koki, kwa sababu gesi ya mtaani hukatika usiku, moto ukazimika, kisha gesi hurudi bila kubisha hodi. Baba Nauroz alilala chini ya mablanketi mawili, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Bili iliyofuata ilishuka. Haikuwa nusu. Ewaz aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Jirani alipomuuliza kiasi gani, alijibu, "Ya gesi au zote mbili? Kaa kwanza. Kwenu mko wangapi?"

Hanifa alirudi kucheza. Kichwa hakimuumi tena. Lakini Nikbakht bado huamka usiku, akaweka kiganja mbele ya pua ya mtoto, akangoja pumzi.

Baba Nauroz aliufikia msimu wa maua. Milozi ilipochanua, Safdar alimletea kinda la kwale ndani ya kofia. Mzee alimtazama sana.

"Mrudishe," alisema.

"Baba, ni zawadi."

"Mrudishe kwanza. Twende nyumbani kwako nilione dirisha lako. Nilione tundu lako la hewa. Halafu twende kwa jirani yako. Nikimaliza mtaa huu, niletee ndege."

Akachukua fimbo yake. Hanifa akamshika mkono. Mlango wa kwanza waliobisha, mzee aliingia, akasimama katikati ya chumba, akainua uso kuelekea dari kama alivyokuwa akifanya mgodini. Mwenye nyumba akamkaribisha chai, akamuuliza habari za bili.

"Bili baadaye," alisema Baba Nauroz. "Kuna mtu humu kichwa kinamuuma?"