Binti Yangu Daktari na Mchumba Wangu Mkunga

"Mwangalie miguuni," binti yangu alimwambia mwanamke niliyetaka kumwoa. "Kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Huyo ndiye bwana harusi wako."

Nilitazama chini. Ni kweli. Uso uliniwaka.

Mchumba wangu ni mkunga mstaafu, mtaa mzima unamwita Bi Mkunga. Hakucheka. Aliweka kikombe mezani.

"Fundi, ulivaa gizani?"

"Nilivaa mchana kweupe."

"Na juzi alipotea ndani ya jengo ambalo lifti zake alizifunga yeye mwenyewe akiwa fundi wake," binti aliongeza. "Wiki iliyopita alikuita kwa jina la marehemu mama yangu. Au hukusikia?"

"Nilisikia."

"Basi mimi niko kwenye mafunzo ya ubingwa bobezi wa tiba ya wazee. Watu kama yeye nawaona kila siku. Akili inaondoka hiyo. Ukiolewa naye, umeolewa na uuguzi."

"Niko hapa hapa," nilisema. "Msinijadili kama kabati."

"Baba, maliza chai. Na kidonge chako cha mafua hicho."

Nilikimeza. Ukizaa daktari, unameza anachokupa.

Nilimsindikiza Bi Mkunga hadi getini. Hakunishika mkono.

"Mume wangu alinisahau kabla hajafa," alisema. "Namlisha, namwogesha, naye ananiuliza nimeingia nyumbani kwake kuiba nini. Nakupenda, Fundi, lakini nguvu ya kurudia hayo sina."

"Mimi si yeye."

"Naye alisema hivyo hivyo. Tangazo la ndoa yetu liache kwenye ubao wa ofisi ya ndoa. Nenda ukapimwe. Wakisema akili ipo, nitakuja. Wakisema inaondoka, usinipigie simu."

Asubuhi binti alinitumia ujumbe akiwa kazini: "Baba, nimekupatia nafasi kliniki kwetu kesho. Mkufunzi wangu mwenyewe atakupima. Usibishane naye."

Baadaye muuguzi wa kliniki alipiga simu. "Mzee, njoo na kila unachomeza, hata cha dukani. Usichague."

Binti alikuwa ameshanifungia mfuko wa dawa za presha. Nilifungua kabati la jikoni, nikaongeza kile kichupa cha vidonge vya mafua.

Mkufunzi alikuwa daktari bingwa mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho.

"Shikamoo, mzee. Umepatwa na nini?"

"Anasahau," binti alijibu, akivuta kiti. "Anapotea, anachanganya majina..."

"Daktari, mgonjwa ni nani?"

"Baba."

"Basi subiri nje. Mzee kwanza, ndugu baadaye, na leo wewe ni ndugu. Hilo tulikufundisha siku ya kwanza."

Mlango ulifungwa. Aliniuliza tarehe, akanipa maneno ya kukumbuka, akanisimamisha na kunitembeza. Maneno mengine yalinitoka kichwani kama maji kwenye chujio. Niliona ndoa yangu ikienda nayo.

Kisha akaumwaga mfuko mezani.

"Hivi vya nini?"

"Mafua. Kila jioni, na chai."

"Una mafua?"

"Hata chafya sina."

"Mdomo je?"

"Mkavu kama msasa."

"Nani alikupa?"

"Binti yangu."

Alivua miwani, akaenda kufungua mlango.

"Daktari, ingia. Hii ni dawa gani?"

Binti alikitazama kichupa, kisha akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemsaliti.

"Ya mzio."

"Ile ya zamani, ambayo wazee hatuwapi. Mwezi uliopita ulisimama mbele ya wenzako ukaeleza inawafanya nini wazee. Rudia, baba yako asikie."

"Inaleta usingizi."

"Na nini tena?"

"Inavuruga kumbukumbu. Inamfanya mzee aonekane amechanganyikiwa."

"Ulianza lini kumpa?"

Alikisukuma kichupa mbali.

"Nilipomwambia naoa," nilisema. Kichwa kilikuwa na ukungu, lakini hilo nililiona.

"Yule mwanamke alikalia kiti cha mama," binti alisema. "Hakuuliza. Alikaa tu, akacheka, na wewe ukacheka naye. Nilitaka aondoke mwenyewe, kisha ningekuachisha. Nilikuwa nakulinda, baba."

"Na nini? Kicheko?"

Mkufunzi alinyoosha kiganja. "Lete kitambulisho cha wodini. Umesimamishwa mafunzo mpaka jopo likae. Mzee, vidonge hivi acha leo, urudi baada ya wiki mbili."

"Baba, mwambie umenisamehe. Miaka yote niliyosoma..."

"Mimi nilisoma shule ya usiku, nikitoka kazini na grisi kwenye kucha, ili wewe usome mchana. Miaka usinihesabie." Nikamgeukia mkufunzi. "Humu ndani mimi ni mgonjwa wako, si baba yake. Andika ulichokiona."

Wiki mbili mimi na binti tuliishi kama wapangaji waliogombea bomba la maji. Chai nilijipikia. Ukungu ulipungua kidogo kidogo, nikaanza kukumbuka hata nilichokuwa sitaki.

Nilimpigia Bi Mkunga nikamweleza habari za vidonge, na siku ya kurudi alikuja kliniki. Aliketi pembeni, pochi mapajani.

"Maneno yote umeyakumbuka," mkufunzi alisema. "Leo akili yako ni timamu, mzee."

"Na kesho?" Bi Mkunga aliuliza.

"Mama, ya kesho simwahidi mtu, hata mimi mwenyewe sijiahidi."

Nimewahi kuning'inia kwenye shimo la lifti kwa kamba moja. Sikuogopa kama nilivyoogopa jibu lake.

"Mume wangu, madaktari waliniambia atapona," alimwambia mkufunzi. "Ungesema hivyo, ningetoka peke yangu." Akasimama. "Fundi, ofisi ya ndoa bado iko wazi?"

Koridoni binti alikuwa akisubiri kuitwa na jopo. Bi Mkunga alisimama mbele yake.

"Tunahitaji shahidi wa upande wa baba yako."

"Mimi? Baada ya kunivurugia maisha?"

"Wewe. Sitaki kesho useme baba yako aliozwa usingizini. Utie saini mwenyewe kwamba alikuwa macho."

Binti alinitazama nimtetee. Sikumtetea.

"Jopo halijaniita bado, muda upo," alisema, akachukua mkoba.

Ofisini alitia saini akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Hakutupongeza. Alimgeukia bibi harusi, sauti ikijaa chumba.

"Sitakuita mama. Hata siku moja."

"Sijakuomba," Bi Mkunga alijibu. "Ila shusha sauti. Unaongea mbele ya mume wangu."