Poti ya Kijani ya Éliakim

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mapaa ya Butembo, mashariki mwa Kongo, Séphora alikuwa ameshainamia beseni akifua nepi za mdogo wake. Maji yalikuwa ya baridi hata vidole vikamwuma, na Éliakim, mwenye nepi zenyewe, alikuwa akikimbia uani tumbo wazi, akicheka kana kwamba ufuaji ule haumhusu. Alikuwa amepita miaka miwili. Alijua kukimbia, kuiba sukari na kugombana na jogoo. Kukojoa mahali panapofaa ndiko kulikomshinda.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, Séphora alifua huku akiimba. Jana yake Mwalimu Mathe, kiongozi wa kwaya ya watoto kanisani, alileta habari iliyomfanya Séphora na wenzake warukeruke juu ya mabenchi: barabara ya Beni imefunguliwa! Vita vilikuwa vimeikata kwa muda mrefu, na dada mkubwa wa Séphora, Orpa, ambaye yeye alimwita ya Orpa kwa heshima, aliyekuwa akisoma Beni na kukaa kwa shangazi yao, alibaki upande wa pili. Walipoonana mara ya mwisho, Éliakim alikuwa bado anabebwa mgongoni. Sasa kwaya ingekwenda Beni kwa lori kuimba siku ya Pasaka.

"Maman, nitaenda? Ya Orpa atanisikia niko naimba!"

Mama yake, Élise, alikuwa akifunga mafungu ya vitunguu vya kupeleka sokoni. Alitabasamu, kisha tabasamu likapungua, likaja lile "lakini" lake la Kifaransa.

"Mais nani atabaki na Éliakim? Baba yako iko Kasindi ku mpaka, na mimi niko sokoni kila siku. Huyu mutoto atakimbilia mu magurudumu ya malori."

Séphora alikuwa karibu kulia, mara kichwa cha jirani yao kikachomoza juu ya ua. Alikuwa Mama Berthe, aliyefuma masweta ya kuuza, na masikio yake yalifika mbali.

"Mimi nitabaki naye," alisema. "Mais asikuye kukojoa mu nyuzi zangu. Mumufundishe kukaa ku poti, njo nitamupokea."

Séphora alijiona tayari yuko juu ya lori. Mchana huohuo mama yake alimpa pesa na kumwambia aende dukani achague poti yeye mwenyewe.

Duka la mzee aliyeitwa Papa Syauswa lilijaa vitu vilivyotoka nchi za mbali, maana wafanyabiashara wa Butembo hawakukubali vita viwafungie milango. Poti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya plastiki ya kijani, fupi, pana, imekaa chini kama chura. Nyingine ilikuwa ya bati jeupe, ndefu, yenye maua mekundu na kifuniko chake. Séphora hakuitazama ile ya kijani mara ya pili.

"Hii nyeupe, Papa Syauswa!"

"Na mutoto iko wapi? Ungekuya naye akajaribu kukaa."

"Ajaribu? Papa, hii haiko kiatu!" Séphora alicheka.

Alikataa poti ifungwe kwenye karatasi. Aliibeba mbele ya kifua, maua yakitazama nje, ili mtaa mzima uone. Nyumbani aliiweka barazani, ikalala hapo.

Kulipokucha alimvua Éliakim suruali na kumkalisha. Mtoto akakakamaa kama ubao, miguu ikining'inia hewani, akapiga ukelele uliowatimua kuku. Kesho yake ikawa vilevile. Si kwamba aliichukia poti! Aliijaza viazi, akavaa kifuniko chake kama kofia, na siku moja akaiangusha ngazini. Lakini asubuhi alipoguswa tu suruali, alikimbilia nyuma ya nyumba. Wakati huo nyimbo zilikuwa zimeshajulikana, blauzi nyeupe zimeshanyooshwa, na safari ilikuwa Jumamosi.

Siku ya Alhamisi Mama Berthe aliuliza juu ya ua, "Séphora, mutoto amezoea?"

Séphora akamkumbuka Orpa.

"Amezoea muzuri sana, Mama."

"Wasingya!" Mama Berthe alishukuru kwa Kinande. "Basi unipatie yeye sasa hivi, tuanze kuzoeana."

Séphora alimpeleka mtoto, akarudi akaketi barazani. Hakukaa sana. Mama Berthe alitokea kwenye njia akiwa amemshika Éliakim mbali na mwili wake, mikono imenyooka, na begani unaning'inia mkono wa sweta jekundu unaodondosha maji ambayo si ya mvua.

"Mwenye kuzoea njo huyu?"

Machozi yakamtoka Séphora. "Nilidanganya, Mama. Hajakaa hata mara moja. Niliogopa utakataa, na mimi nisimuone ya Orpa. Unisamehe. Nitazifua nyuzi zote."

Alizifua kweli, mpaka maji yakatoka safi. Mama Berthe alisimama akimtazama, hasira ikimwisha kidogo kidogo, kisha akasema, "Kesho asubuhi nitakuya kuona hiyo poti."

Alifika ukungu ukiwa haujapasuka. Akaigusa poti, akaguna.

"Séphora, kaa."

"Mimi, Mama?"

"Kaa!"

Séphora alikaa, na gauni lake la kulalia lilikuwa jepesi. Aliruka juu palepale. "Uwii! Baridi!"

Mama Élise alicheka hadi akashika mlango.

"Kule Beni kwenye joto, hii ingefaa," alisema Mama Berthe. "Huku kwetu ni kama kukalisha mutoto ku mvua ya mawe! Na angalia, miguu haifike chini. Anafikiri ataanguka. Chukua mutoto, tuende."

Dukani Papa Syauswa aliigeuza poti mikononi. Séphora angeweza kunyamaza, lakini mambo ya jana yalimtosha.

"Papa, huku chini rangi imetoka. Éliakim aliiangusha."

"Mumeitumia?"

"Kama angeitumia, tungekuwa hapa?" Mama Berthe alijibu.

Papa Syauswa alicheka, akakubali kuwabadilishia, maana ile ya kijani ilikuwa ya bei ya chini. Walipogeuka kuitafuta, Éliakim alikuwa ameshaifikia. Aliikalia, akasimama, akaikalia tena. Nyayo zake zilitulia sakafuni. Séphora akamvua suruali haraka, akarudi nyuma. Mtoto akaanza kuimba wimbo wa kwaya, kisha akanyamaza, akakunja uso kama mtu anayefikiri jambo zito. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Ndipo ikasikika sauti ndogo ya maji kwenye plastiki.

"Amefanyaaa!" Séphora alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

Wanawake wa vibanda vya jirani waliingia mbio, mmoja amebeba kapu lake kichwani tayari kukimbia. "Ni nini? Vita?"

"Hapana! Ni Éliakim!"

Walipoona, duka zima lilipiga makofi. Éliakim naye akasimama, akajipigia makofi, suruali ikiwa bado mkononi mwa dada yake.

"Beba tu," alisema Papa Syauswa akifuta machozi ya kicheko na kuonyesha rafu yake. "Hiyo sasa siwezi kurudisha mu etajere!"

Njiani furaha ya Séphora ilipungua. Alisimama. "Mama Berthe, amefanya mara moja tu. Sijue kama atafanya tena kesho."

Mama Berthe akamshika bega. "Hiyo njo kweli, na mutu mwenye kusema kweli naweza kumusaidia. Ungeniambia vile jana, ningepokea mutoto na kuficha nyuzi zangu. Basi! Na sikia tena: ulichagua poti yenye kufurahisha macho yako. Mais haiko macho yenye kukaa ku poti! Ukinunulia mutu kitu, umuangalie yeye kwanza. Na ukishindwa, sema umeshindwa, batu bakusaidie. Kesho utaenda Beni."

Jumamosi lori liliondoka kwa nyimbo na vumbi. Mama Élise alipunga kitambaa. Mama Berthe alimbana Éliakim chini ya kwapa moja, na kwa mkono mwingine akapunga poti ya kijani juu ya vichwa vya watu, watoto wote juu ya lori wakaangua kicheko.

Beni kulikuwa na joto. Orpa alikuwa akisubiri mbele ya kanisa, amekuwa mrefu, na Séphora alimrukia kabla lori halijasimama vizuri. Walikumbatiana, wakalia, wakacheka.

"Na Éliakim yetu?" Orpa aliuliza. "Amekomaa?"

"Ya Orpa," alisema Séphora akivua sweta lake, "tangu jana, amekomaa!"