Mume Wangu Alisifia Harusi Isiyokuwemo Kwenye Kitabu Changu

"Mimi kilichonimaliza kabisa ni ile harusi ya mwisho."

Maneno hayo aliyasema mume wangu, kipaza sauti mkononi, mbele ya ukumbi mzima wa wasomaji wa kitabu changu.

Dada mmoja wa safu ya mbele akamgeukia mwenzake. Mwingine akafungua kitabu mwishoni, akapekua kurasa, kisha akakifunga taratibu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Wapendwa, kwenye kitabu changu hakuna harusi.

Mwishoni haipo. Katikati haipo. Kinaanza na mazishi, na baada ya hapo hakuna mtu anayeoa wala kuolewa.

Mwenzenu nilikuwa nimekaa pale mbele, glasi ya maji mkononi, tabasamu bado liko usoni kwa sababu sikujua nilipeleke wapi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkinihukumu kwa hapo tu hamtanielewa.

Mimi nafanya kazi mapokezi, kwenye kliniki ya meno. Ndiye yule anayekwambia "kaa hapo, daktari anakuja" na wewe umeshika shavu unaona nakutania.

Mume wangu ni fundi wa viyoyozi. Mtaani wanamwita Baridi, na jina limemkaa.

Hanipigi. Halewi. Kazini na nyumbani, nyumbani na kazini. Ukimlalamikia mume wa aina hiyo, watu wanakuuliza unataka nini tena.

Nilitaka anisikie. Basi.

Jioni naongea, yeye "mmh." Naongea tena, "mmh." Siku moja nilimwambia nimeteleza kwenye ngazi za kazini nikaumia mgongo. Akasema, "Safi."

Watoto hatukujaliwa, na hilo nalo tulikuwa hatulizungumzi. Nikilianza, anakumbuka kuna mashine ya mteja hajaifunga vizuri.

Ndipo nikaanza kuandika.

Saa ya chakula najifungia stoo, katikati ya maboksi ya glavu, naandika kwenye simu mpaka kidole gumba kinauma.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke amekufa, lakini sauti yake imebaki ndani ya lifti ya jengo alilokuwa akiishi. Kila siku mumewe anapanda lifti ile. Kila siku anamwita. Mume hasikii. Anayesikia ni mpelelezi aliyekuja kuchunguza kifo chake.

Mapenzi humo, mizimu humo, upelelezi humo.

Nilipolitupia wazo kwenye kundi letu la wasomaji mtandaoni, watu walipagawa.

"Dada, kitoe hata kesho."

"Hicho nitakisoma taa zote zikiwa zimewaka."

Na mume wangu? Kila sura ikikamilika namtumia kwenye simu yake.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Ikoje?"

"Tamu sana."

"Sehemu gani?"

"Yote."

Jamani, nani asingevimba kichwa? Mtu asiyesema kitu, anakwambia tamu sana. Nilihisi hatimaye nimepata mlango wa kuingilia moyoni mwake.

Kitabu kikatoka. Nikakipa jina *Sauti Ndani ya Lifti*.

Wiki ya kwanza kila mtu anapiga picha jalada. Wiki ya pili wakaanza kusema.

"Wazo tamu, kitabu kimenichosha."

"Nilifuata mapenzi nikakuta polisi. Nikawazoea polisi, nikaletewa mizimu. Mwisho sikujua nilie, niogope au nikalale."

"Huyu dada anajua kuandika. Ila ameandika vitabu vitatu akavilaza kitanda kimoja, vinagombea shuka."

Hiyo ya shuka ilipata vicheko vingi kuliko kitabu chenyewe.

Lakini aliyeninyima usingizi alijiita Msomaji Mkimya. Hana picha, hana jina, hana salamu. Aliandika hivi:

"Sura ya saba, yule mke anakaribia kumwambia mumewe jambo. Nimeacha chai yangu ipoe nikisubiri. Mwandishi akaleta maiti mpya. Sura ya kumi na moja anakaribia kulia, ghafla taa zinazimika na mzimu unacheka. Mwandishi, unamkimbia nani?"

Nikamwonyesha mume wangu.

"Huyu mtu ananichukia."

"Achana naye," akasema, macho kwenye runinga. "Kitabu chako kitamu sana."

Nikamshika mkono nikauweka shavuni pangu. Nilijiambia, dunia nzima ikikataa, huyu yupo.

Kwenye familia kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekaa kimya kuhusu kitabu. Mama mkwe.

Mama ni mstaafu. Alikuwa mpiga chapa mahakamani, na bado ana ile sura ya mtu anayesubiri umalize kusema uongo. Mimi na yeye tuliheshimiana kwa mbali. Nilipompelekea nakala yake, aliipokea, akaiweka juu ya friji, akaniuliza kwa nini nimekonda.

Basi. Nikajua hiyo haitafunguliwa.

Mwenyekiti wa kundi, mama mmoja mfamasia mwenye sauti ya kubembeleza, akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa maktaba. "Uso kwa uso watu wanakuwa wapole," aliniambia.

Hawakuwa wapole, ila walikuwa wakweli. Mmoja mmoja wakasimama wakasema walivyokipenda kwa mbali na kilivyowaangusha walipokikaribia. Dada mmoja alikuwa karibu kulia. "Nilitaka sana kumpenda yule mke," alisema, "lakini kila nikimshika, unaninyang'anya."

Mwenyekiti akaniona ninavyozama. Akataka kuniokoa.

"Hebu tumsikie shemeji yetu. Wewe ulikisoma kabla yetu sote. Ni kipi kilikugusa?"

Akasimama. Shati nililompigia pasi mwenyewe asubuhi ile.

Akasema harusi.

Mwenyekiti akawahi kipaza sauti. "Jamani, tupumzike tupate soda."

Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka. Walipita karibu yangu wakinishika bega, wale wale waliokuwa wakikiponda kitabu changu, kama watu waliokuja msibani.

Kwenye gari nilimuuliza.

"Ulisoma kiasi gani?"

"Cha nini?"

"Cha kitabu."

Akawasha gari, akalizima.

"Ile sura ya kwanza nilianza."

"Ulianza?"

"Mke wangu, nilijua unachotaka ni kutiwa moyo. Nikakutia moyo. Kosa langu ni lipi hapo?"

Na aliuliza kwa dhati. Hakuwa na mchepuko, hakuwa na njama. Alikuwa mtu anayemrushia mwenzake neno ili atulie, kama unavyobonyeza rimoti.

Nililia mpaka tunafika. Yeye akaongeza sauti ya redio, nadhani kwa heshima, ili nisione aibu.

Kesho yake nikamwandikia Msomaji Mkimya. Hasira nilizokuwa nazo zilikosa pa kwenda, nikampelekea yeye.

"Umefurahi? Wewe ni nani mpaka uniulize namkimbia nani?"

Jibu likaja.

"Njoo nyumbani kwangu jioni. Usije na mwanangu."

Nikalisoma tena. Mwanangu?

Wapendwa, nilikuwa pale pale mapokezi, mgonjwa mbele yangu anauliza choo kiko wapi, nikamwelekeza stoo.

Nilimkuta mama mkwe mezani. Kitabu changu kiko mbele yake, mgongo umevunjika kwa kufunguliwa, vipande vya karatasi vimechomoza kila upande.

"Mama... kumbe ni wewe?"

"Kaa."

"Kwa nini ulijificha?"

"Ningesema kama mama mkwe, ungesikia chuki tu. Nimekisoma mara mbili. Mara ya pili kwa miwani mipya."

Nikakaa.

"Nimepiga chapa maneno ya mashahidi maisha yangu yote," akasema. "Mtu akilikaribia lile jambo lenyewe, anaomba maji. Anakohoa. Anaanza kueleza mvua ya siku ile. Wewe ukilikaribia, unaita polisi. Polisi wakikukaribia, unaita mizimu."

"Nilitaka kiwe na kila kitu, mama."

"Kila kitu kingekaa tu, ungekiruhusu. Lakini umevitumia kujificha. Wasomaji wako wameona umewafungia mlango, ila hawajui ndani kuna nini."

Akakigeuza kitabu, akanisogezea.

"Yule mwanamke wa kwenye lifti ni wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia sentensi hiyo. Wala mimi sikuwahi kujiambia. Nililaza kichwa juu ya meza ile nikalia kama mtoto, na mama mkwe, ambaye hata kunikumbatia siku ya ndoa yangu alinikumbatia kwa bega moja, akaniwekea mkono kichwani akauacha hapo.

"Baba yake alikuwa hivyo hivyo," akasema taratibu. "Mtu mzuri. Nilikuwa naongea na masufuria."

"Nifanye nini, mama?"

"Mpe asome. Chote. Labda ni kutokujua."

Nikarudi nikamwambia mume wangu: sitaki pole, sitaki zawadi, soma.

Na haki yake nimpe. Alisoma. Alizima runinga, akakaa kwenye kochi jioni baada ya jioni, kitabu kimefunguliwa mapajani. Nilikuwa napita na kikombe kisicho na kitu ili nione amefika wapi. Alipofika sura ya saba nilisimama nyuma ya pazia la jikoni nikimchungulia.

Humo ndimo mke anamwambia mumewe, "Nimekaa humu ndani miaka yote nikisubiri uniulize nimeshindaje." Anaanza tu, kabla maiti haijaletwa. Lakini sentensi hiyo imo. Niliiacha imo.

Siku aliyomaliza, alinifuata jikoni.

"Nimemaliza."

Nikashika ukingo wa sinki. "Umeonaje?"

"Huyo mpelelezi ni mkali. Pale alipomgundua mlinzi wa jengo, sikutegemea kabisa."

"Na yule mke?"

Akafikiri. Kwa kweli alifikiri, nilimwona.

"Yule," akasema, "anaongea sana."

Akafungua friji, akachukua maji, akanibusu kwenye paji la uso, akaenda kulala.

Mimi nilibaki nimesimama. Sikulia hata tone. Kitu kilichokuwa kinalia ndani yangu kwa miaka yote kilikuwa kimenyamaza, na ukimya ule ndio ulioniogopesha.

Niliondoka mwisho wa mwezi. Mama mkwe alikuja nikiwa nafunga begi, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Kukwambia uondoke siwezi," akasema. "Yule ni mwanangu, nimemzaa. Na kukwambia ubaki siwezi."

"Najua, mama."

"Utakuwa unanipigia?"

"Nitakupigia."

Akafuta miwani yake kwa muda mrefu sana kuliko miwani inavyohitaji.

Mume wangu alinisindikiza hadi getini. Aliuliza nimekosewa nini. Nikamweleza, kwa utulivu, kutoka mwanzo. Nilipomaliza alitikisa kichwa, akasema, "Mmh."

Sasa hivi nakaa chumba kimoja, karibu na kliniki. Bado nampenda, nisiwadanganye. Nikisikia kiyoyozi kinanguruma sehemu, moyo unashtuka.

Naandika kitabu kingine. Kina mwanamke, kina mwanaume, kina jiko. Hakuna anayekufa. Sura za mwanzo nimempa mama mkwe, amenirudishia na alama nyekundu kila mahali, na pembeni ameandika: "Hapa hujakimbia. Endelea."

Wapendwa, mimi nilijifunza kwa kuumia. Mtu akikwambia kila siku wewe ni mzuri, kazi yako nzuri, chakula chako kizuri, muulize sehemu gani. Mimi niliuliza mara moja nikaogopa kuuliza tena, nikaishi na sifa kama mtu anayeishi na picha ya moto akisema anapata joto.

Na wale wasomaji walionikata maini, niliowaita wabaya wangu? Walikuwa wamekaa na maneno yangu hadi ukurasa wa mwisho. Walikasirika kwa sababu walinisikiliza.

Haya. Na hii nayo semeni ukweli wenu hapo chini. Nasoma yote.