Dobi Aliyeacha Kunywa Maji

Dobi alifika kazini kukicha, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wageni. Kufua hakukumtisha. Kilichomtesa ni mablanketi yaliyolowa. Kila alipoinua beseni, mkojo ulimtoka. Akipiga chafya, vivyo hivyo. Mambo yalianza alipojifungua kitinda mimba.

Mama yake alimwambia avumilie, kila aliyezaa ana lake. Ndivyo wanawake walivyonyamazishwa tangu enzi za bibi zao. Maradhi yakiitwa uvumilivu, nani atayatafutia dawa?

Basi dobi akajibunia dawa. Akaacha kunywa maji. Midomo ikakauka, choo kikawa kigumu, mkojo ukaanza kumchoma. Na bado ulivuja. Akaamua kuacha kazi kabla wenzake hawajasikia harufu.

Jirani yake, mkunga, alimkuta uani amejiinamia. Akamwuliza kulikoni. Dobi akapiga chenga weee, mwishowe akatoboa.

"Mwenzangu, hiyo si aibu, ni misuli," mkunga alisema. "Iko chini ya nyonga, imekibeba kibofu kama machela. Uzazi umeilegeza, mizigo inaimalizia."

"Si maji ndiyo yanayonivujisha?"

"Maji umeyaonea bure, rudi kuyanywa. Mkojo mzito hukichokoza kibofu. Na ukijikamua chooni, misuli inazidi kulegea."

Akamfundisha akaze kama anayezuia ushuzi mbele ya wakwe. Dobi akacheka mpaka akavuja. Akaze, ashikilie kidogo, alegeze kabisa, bila kubana pumzi. Afanye hivyo asubuhi, mchana na jioni, lakini si wakati wa kukojoa. Kabla ya kuinua kitu au kukohoa, akaze kwanza.

Kisha akampeleka zahanati. Mkojo ukapimwa, akapewa dawa ya ule mchomo. Akaambiwa akihisi kitu kinashuka ukeni, au akiona damu, arudi upesi.

Kazini, dobi akadai blanketi lililolowa libebwe na watu wawili. Msimamizi akanuna.

"Siku zote mmebeba hivyo hivyo."

"Na siku zote tumeumia," dobi akajibu.

Wenzake wakaweka mabeseni chini, wakasimama naye mpaka msimamizi akakubali.

Mwezi wa kwanza dobi hakuona nafuu. Hakuacha. Wa tatu ulipoisha, alipiga chafya mbele ya watu akabaki mkavu. Habari ya kuacha kazi ikafa.

Jioni moja mama yake alimvuta kando, akashusha sauti.

"Mwanangu, hilo zoezi linatufaa na sisi wazee?"

"Linawafaa, mama."

Mama akasogea karibu zaidi.

"Basi nifundishe. Navaa vitambaa tangu nilipokuzaa wewe."